Kura za Ukutani

Mita mia tisa chini ya ardhi, kwenye mgodi wa potashi, ile chumvi ya mbolea inayononesha mashamba ya watu na kukausha midomo ya wachimbaji, tawi la chama cha wafanyakazi lilikuwa na wanachama arobaini na mmoja. Mwenyekiti wao, waliyembandika jina la Bwana Utaratibu, alikuwa amechaguliwa mara sita. Mara ya mwisho alipata kura mia moja na tisa.

Hakuna aliyeshtuka. Watu walisema tu, "Mtu akipendwa, kapendwa."

Kura zilipigwa hivi: zamu ikiisha, wote walijikusanya kwenye chumba kilichochongwa ndani ya mwamba, wakazima taa za kofia zao. Hoja ikisomwa, anayeiunga mkono anawasha, anayeipinga anabaki gizani. Katibu anahesabu. Katibu mwenyewe alikuwa shemeji yake mwenyekiti, kaka wa mkewe, mtu mwaminifu aliyeandika anachokiona bila kukiuliza kimetoka wapi.

Kilikotoka alikujua mwenyekiti peke yake. Potashi ukiisugua kwa kitambaa chenye unyevu hung'aa kama kioo cha kinyozi, na taa moja ikiupiga ukuta huo huzaa watoto wanne na wajukuu juu. Basi kabla ya kila uchaguzi alijipenyeza mle chumbani, akavua fulana, akailowesha, akaupiga ukuta msasa mpaka akaziona nywele za pua yake.

Wala si cheo alichokipenda. Alipenda maji moto. Mwenyekiti ndiye aliyetangulia kwenye lifti ya kwanza kwenda juu, na tangi la bafuni liliwatosha watu kumi wa mwanzo. Wengine walioga maji ya kumfufua maiti. Kwa miaka kumi na minane ngozi ya Bwana Utaratibu ilikuwa haijaonja baridi.

Asubuhi moja, anafunga kamba za viatu, mkewe akamwinamia sikioni.

"Baba watoto, kaka yangu ana hoja leo. Anataka uondoke. Kachoka kuoga barafu."

"Kaka yako huyo huyo? Niliyempa suti ya harusi?"

"Ulimwazima. Na ukaidai keki haijakatwa."

Siku hiyo aliusugua ukuta maradufu. Fulana ilibaki kola tupu. Zamu ilipoisha aliingia mkutanoni akipiga mluzi, taulo begani kabisa.

Shemeji akasimama, akakohoa. "Ndugu wanachama, zimeni taa." Giza likaingia, zito kama uji. "Anayetaka mwenyekiti apumzike, awashe."

Mluzi ukamkauka mdomoni. Miaka yote swali lilikuwa *nani anamtaka*. Hakuwahi kuwaza kwamba mtu angeweza kuligeuza! Taa zikawaka, na ukuta, ambao hauna urafiki na mtu, ukazizalisha. Chumba kikameta kama duka la sonara.

"Mia moja thelathini na nne," katibu akatangaza, akalamba kalamu.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Bwana Utaratibu alitazama zile nuru, akajua wazi kwamba nyingi ni za mwamba. Akinyamaza, kwaheri maji moto. Akisema, kwaheri heshima. Akapima heshima, akapima maji.

"Hizo si kura!" akafoka. "Ni ukuta! Ukuta unaakisi!"

Ikatoka sauti ya Mama Baruti, mlipuaji wao, mwanamke aliyezoea kuhesabu polepole kabla ya kishindo: "Umejuaje, mwenyekiti?"

"Nime... nimeona tu."

"Mbona hukuona mwaka ule wa mia moja na tisa?"

Watu wakaangua kicheko hadi vumbi likadondoka darini. Alipokiri yote, fulana na yote, shemeji akaamua kuhesabu upya kwa kugonga kofia moja moja: ko, ko, ko. Waliomtaka aondoke walikuwa saba.

"Saba tu?" mwenyekiti akauliza, machozi yakimlenga. "Kumbe mnanipenda?"

"Tulikuwa tunakupenda," alisema Mama Baruti. "Tungekuchagua hata bila ukuta, mzee mzima wewe. Sasa nami nina hoja. Mtu aliyeiba kitu ambacho angepewa bure hana akili ya kutuongoza. Zimeni. Anayekubali, awashe."

Ko, ko, ko, katibu akagonga kofia mpaka ya arobaini, akafikia ya arobaini na moja. Nayo inawaka.

"Shemeji! Na wewe?"

"Nifanyeje?" Bwana Utaratibu akajibu kwa unyonge. "Hoja imepangika."

Mama Baruti akachaguliwa pale pale. Mwenyekiti wa zamani akapanda lifti ya mwisho, taulo begani. Yowe alilopiga chini ya bomba lilisikika kwenye ofisi ya mishahara, na karani mmoja akajificha chini ya meza akidhani mgodi umebomoka.

Kesho yake, midomo ikiwa bado rangi ya zambarau, akamfuata Mama Baruti. "Mheshimiwa, kwani suala la tangi tumewahi kulipeleka kwa meneja?"

"Ulisema halina uzito."

"Nilisema mimi?" Akatikisa kichwa. "Nipeleke. Nitasema mimi."

Akapelekwa. Akaanzia maji yalipomgusa utosi, akashuka nayo shingoni, mgongoni, kiunoni, pole pole, hakuruka hata ubavu mmoja, meno yakigongana kana kwamba bado yuko mle bafuni. Saa ya kwanza meneja alifunga dirisha. Saa ya pili akavaa koti. Alipofika magotini, meneja akaomba kalamu kwa kigugumizi, akatia saini tangi la watu mia, kwa vidole vilivyokufa ganzi.