Harufu ya Usafi

Mtoto alizaliwa miezi miwili kabla ya wakati wake, uzito kilo moja na ushee, na bibi yake mzaa baba akampa jina la utani palepale wodini: Kilo. Jina likamganda. Hata alipotimiza miezi saba na mashavu yakaanza kujaa, bado aliitwa Kilo. "Mume wangu kaja mwepesi kama mfuko wa sukari," bibi alipenda kumtania, "lakini makelele yake ya gunia zima."

Makelele hayo yalikuwa raha ya nyumba. Hofu iliingia siku alizonyamaza. Siku hizo kifua kilimbana, ngozi katikati ya mbavu ikawa inadidimia kila anapovuta hewa, na kooni mkatoka mluzi mwembamba usiokoma. Muuguzi wa wodi ya watoto njiti alikuwa amewaonya kabla ya kuwaruhusu. Mapafu ya huyu, alisema, hayakupata muda wa kukomaa. Kifua chake ni chepesi kukamatwa, na akikua pumu inaweza kumnyemelea kuliko wenzake. Nyumbani msimpe sababu: moshi usiwepo, vumbi lisiwepo, ukungu wa ukutani usiwepo.

Mama yake Kilo aliyapokea maneno hayo kama amri ya jeshi. Tena aliona yamemwangukia mtu anayestahili, maana yeye alikuwa msafishaji wa vyumba hotelini na alijua vumbi linajificha wapi. Nani wa kumfundisha usafi?

Sasa, hotelini kwao palikuwa na msimamizi aliyeamini pua yake kuliko macho yake. Hakuwa na habari ya kuinama kuchungulia uvungu wa kitanda. Alifungua mlango, akasimama kizingitini, akavuta hewa. Asiposikia harufu ya dawa ya kusafishia, chumba kinarudiwa, hata kama sakafu inang'aa mpaka unajiona meno. Wasafishaji nao hawakuwa wajinga. Walimimina dawa bila huruma, kisha wakafunga madirisha yote ili harufu isitoroke kabla bwana mkubwa hajapita. Mama Kilo aliifanya kazi hiyo kwa miaka mpaka pua yake ikazoea. Ule ukali unaowatoa wageni machozi, yeye hakuusikia tena. Alichosikia ni usafi, na usafi ulimpa amani.

Basi siku yake ya mapumziko ikawa siku ya vita pale nyumbani. Vyumba viwili tu, lakini ungedhani anaandaa ikulu. Alipiga deki kwa dawa ya madoa, akapangusa kuta kwa dawa hiyohiyo, akapuliza marashi ya hewa kwenye mapazia, halafu akafunga madirisha ili vumbi la barabarani lisiingie. Mama mkwe wake alikuwa na tabia ya kuyafungua. Alifungua bila neno, mkwewe akafunga bila neno, na siku ikapita hivyo, wanawake wawili wakisemeshana kwa bawaba.

Mama mkwe huyu alikuja kulea mjukuu ili mkwewe arudi kazini. Alipika kwa mkaa uani. Aliposikia habari ya moshi, alilihamisha jiko hadi pembe ya mwisho ya ua, na kila alipomaliza kupika alioga na kubadili nguo kabla ya kumgusa mtoto. Hakuna aliyemwagiza. Kilo alishinda kifuani kwake, ngozi kwa ngozi, kama walivyofundishwa hospitalini, na hapo ndipo alipolala usingizi wa maana. Lakini mwenye hofu hutafuta mtu wa kumtwika, na Mama Kilo alipomwona mwanawe akibanwa tena, macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye lile jiko.

Alianza na mumewe, msambazaji wa mikate, mtu mpole ambaye kati ya mama yake na mkewe hakuwahi kuwa na la kusema. Mume alikuna kichwa. Akaona ahueni kwenda kazini mapema. Ikabidi Mama Kilo ajikaze mwenyewe.

"Mama," alisema, bila kumtazama, "huu moshi unakuja na wewe ndani. Hata ukioga. Umekuingia mwilini."

Mama mkwe alikuwa amempakata Kilo. Hakujitetea hata kwa neno moja, na laiti angejitetea. "Ni mimi ninayembana?" aliuliza.

"Mimi sijui mwingine."

"Basi kama ni mimi, niondoke leo. Nisingoje kesho."

Akamkabidhi mtoto kwa mikono iliyonyooka, mbali na mwili wake, akafunga virago na kwenda kwa binti yake mtaa wa pili. Mama Kilo alisimama mlangoni na kumwona akikata kona. Ukweli usemwe: alichosikia moyoni ni nafuu.

Aliomba likizo ili akae na mwanawe mwenyewe. Sasa hakuna jiko la mkaa, hakuna wa kufungua dirisha, na siku zote zikawa siku za mapumziko. Alisafisha kila asubuhi. Alifua shuka za mtoto, akazisuuza kwa dawa, akazifua tena. Alikuwa akimpigania mwanawe kwa nguvu zake zote, na anayetaka kumcheka na acheke. Kilo akaanza kukohoa. Akaacha kunyonya vizuri. Mchana mmoja, sakafu ikiwa bado mbichi, mluzi ulimtoka kooni, kisha ukakatika, na midomo ikaanza kugeuka rangi.

Hakumbuki alivyofika hospitali. Anakumbuka barakoa ndogo ya plastiki usoni mwa mtoto, mvuke wa dawa ukitoka pembeni, na yeye akiwa hana kiatu kimoja. Mtoto alipopata rangi yake, daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya uchovu, aliketi kando yake.

"Nyumbani kuna anayevuta sigara?"

"Hakuna."

"Mnapikia ndani?"

"Hapana. Aliyekuwa anatumia mkaa nimeshamwondoa." Alilisema hilo kwa fahari. "Nyumba yangu ni safi, daktari. Napiga deki kila siku. Napangusa mpaka kuta. Nafunga madirisha, vumbi halipati pa kupita."

Daktari aliinua shuka aliyofungiwa Kilo, akaisogeza puani, akakunja uso na kuiweka mbali. "Hii umeifua na nini, mama?"

Mama Kilo akamtajia. Daktari hakufoka. Alieleza taratibu kwamba moshi ni mbaya kweli, na hajakosea kuuogopa, lakini dawa zile nazo zinatoa hewa kali, na chumba kikifungwa hewa ile haina pa kwenda ila kifuani mwa aliyemo. Mtu mzima anapiga chafya, yakaisha. Mtoto njiti njia zake za hewa zinavimba na kujifunga. "Maji, sabuni ya kawaida kidogo, kitambaa kibichi, madirisha wazi," alisema. "Inatosha."

"Lakini alibanwa hata kabla, huyo bibi akiwepo."

"Siku zipi?"

Akaanza kuzihesabu moyoni. Siku za kazi, aliporudi jioni, alimkuta Kilo akicheka. Siku alizobanwa ni zile ambazo yeye mwenyewe alishinda nyumbani. Zote. Hakupata hata siku moja ya kumtoa yeye lawamani. Alitazama mikono yake iliyochubuka kwa dawa na kutamani impotee.

Walipowaruhusu, hakupitia nyumbani. Likizo ilikuwa inaisha, na hakuna mikono mingine duniani ambayo angeiamini na mtoto yule. Alikwenda moja kwa moja kwa wifi yake.

Wifi alimpokea nje, kwa sauti ya chini. "Umekuja kumwona mama? Hali si nzuri, wifi. Tangu aje hakaribii jiko. Wanangu wakimkimbilia anawafukuza. Anakaa tu."

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango wa nyuma, mahali penye upepo. Alipomwona Kilo aliinuka nusu, kisha akarudi chini na kuficha mikono mapajani.

"Mama, si wewe," alisema Mama Kilo, akipiga magoti. "Ni dawa zangu za kusafishia. Daktari kanieleza. Ni mimi niliyekuwa namnyima pumzi mwanangu, na nikakutwika wewe. Nisamehe. Turudi nyumbani."

Bibi alitikisa kichwa taratibu. "Mumeo kakutuma. Namjua, hapendi nihuzunike."

"Hajanituma mtu."

"Mwanangu, usijisingizie kwa ajili yangu. Uliona mwenyewe. Mkaa nimepikia tangu msichana, umeshaniingia mwilini, hadi kwenye pumzi. Tafuta mtu mwingine, kijana, msafi."

Mama Kilo aliinuka. Akafanya lililomjia: akamweka mtoto mapajani kwa bibi yake na kurudi nyuma. Kilo alimtambua mara moja. Akarusha miguu, akacheka, akainua mkono kuutafuta ule uso. Asingeshikwa angeanguka, basi bibi akamshika.

Mama Kilo alianza kushusha pumzi. Ndipo akaona kwamba mama mkwe ameelekeza uso ukutani, midomo kaibana, na kifua chake hakipandi wala hakishuki.

"Mama," alimwambia, "vuta pumzi."

Machozi yalimtoka bibi, akatikisa kichwa, na bado hakuvuta.