Mkasi wa Droo ya Kwanza

Tangu asubuhi mtengeneza programu alikuwa amelirekebisha mara tatu faili la maktaba, lenye kanuni za tarehe ambazo programu yake huazima, na programu yake bado ilikosea tarehe zilezile.

"Aliyeupanga mfumo huu ni zumbukuku wa kutupwa!" alifoka.

Mama yake alikuwa mezani, akihangaika kukata kitambaa kwa mkasi butu.

"Mama, si nilikununulia mpya?"

"Upo kabatini. Lakini mimi huanzia kwenye droo, na nikikuta mkasi sitafuti tena."

Binti akaduwaa. Kiunganishi, ile programu ya kuunganisha vipande vya programu yake, nacho hutafuta vivyo hivyo. Hupita folda moja baada ya nyingine kwa mpangilio kiliopewa, na kikikuta faili lenye jina kinalolitaka, huchukua hilohilo.

Akafungua folda ya kwanza kwenye orodha. Faili la zamani lenye jina lilelile la alilokuwa akilirekebisha lilikuwa humo, limetulia tuli, na juu yake pameandikwa: "Nimeliweka kwa muda tu, nitalitoa kesho." Chini palikuwa na jina lake mwenyewe na tarehe ya miaka minne iliyopita.

"Vipi, umempata zumbukuku wako?" mama aliuliza.

"Nimempata, mama. Umemzaa mwenyewe."