Nyumba Iliyofiwa Haiwashi Taa

Fundi cherehani hakuwa ametulia tangu asubuhi. Alishona suruali ya mteja, akaifumua, akaishona tena, akajidunga kidole, akailaumu sindano. Ilikuwa Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu. Jua lilikuwa linazama, na majirani wote walishapanga vitaa vya udongo barazani na kupamba vizingiti kwa maua ya unga wa rangi. Kizingiti chake kilikuwa kitupu.

Akaingia ndani. Mkewe alikuwa ameketi, vitaa bado vimo kapuni.

"Mke wangu, giza hilo. Taa vipi?"

"Taa gani? Nyumba iliyofiwa haiwashi taa mwaka huo. Mila hiyo nilifundishwa na mama yako."

"Kwani tumefiwa na nani?"

"Wewe si ndiye uliyesema? Binti yetu alipoolewa na kijana usiyemtaka, ulisimama pale mlangoni ukatangaza mtaa mzima ukisikia: 'Binti yangu amekufa.' Basi mwenzio naomboleza. Nikiwasha nitakufanya mwongo."

Ulimi hauna mfupa, na wake ndio uliomponza. Akazunguka chumba, akakaa, akainuka. Fataki ikalia nje, akaruka kama mwizi.

"Lakshmi, mungu wetu wa neema, haingii kwenye giza," alisema. "Bahati itatupita."

"Lakshmi wetu alishatoka kwa mlango huohuo, na begi lake mkononi."

Lilimchoma hilo. Kila Diwali alikuwa akimpakata binti yake na kumsimulia habari za Rama, mwana wa mfalme aliyekaa msituni miaka kumi na minne, na jinsi watu walivyowasha taa usiku usio na mwezi ili aione njia ya kurudi. Mwaka mmoja mtoto akauliza: "Na baba yake aliyempeleka msituni, yeye aliwasha taa ngapi?" Fundi akamtuma maji ya kunywa, maana jibu halikufaa kwa sikukuu. Yule mfalme alikufa kwa uchungu wa mwanawe. Taa hakuziona.

Sasa fundi aliogopa, aliogopa hasa. Akalivuta kapu, akatia utambi, akamwaga samli hadi mapajani. Mikono iliyozoea kutunga uzi bila kutazama ikashindwa na kiberiti: njiti moja ikavunjika, nyingine ikazima.

Hatimaye kimoja kikawaka. Akakiweka kizingitini, pale pale aliposimama siku ile.

"Mpigie simu," akamwambia mkewe.

"Mpigie mwenyewe. Aliyetangaza msiba ndiye auondoe."

Simu ikaita mpaka akakata tamaa, kisha ikapokelewa.

"Mwanangu, ni baba. Nimewasha taa."

Binti akauliza:

"Ngapi, baba?"

"Moja," alisema fundi, machozi yakimtoka bila aibu. "Njoo na mumeo tuwashe zilizobaki."