Madirisha Tisa ya Verna

Verna Kangas hakuwa mtu wa kuhamishwa kirahisi, tena kutoka nyumba iliyojengwa na baba mkwe wake. Lakini huko Hancock, Michigan, theluji haina huruma, na binti yake Marlys alikuwa amechoka kumhofia.

"Mama, mwaka jana ulilala na kofia."

"Kofia nzuri ile. Niliifuma mwenyewe."

"Jumamosi nakuja na mshumaa. Naupitisha kila dirisha. Moto ukicheza kwa upepo, unafungasha, unahamia ghorofa la wazee."

"Na usipocheza?"

"Nafunga mdomo, sisemi tena."

"Hee! Hilo ningelinunua hata kwa bei ya dhahabu."

Alitania, lakini usingizi ulimpaa. Shida ilikuwa madirisha ya theluji, tisa ya mbao na vioo, kila moja na kipimo na namba yake, yanayotundikwa nje ya madirisha ya kawaida kila baridi inapokaribia. Marehemu mumewe Arvid aliyatundika peke yake miaka arobaini, hataki mtu amshikie hata ngazi. Tangu afariki, Verna alikuwa akijitundikia mwenyewe, na ni namba tano tu lililokaa vizuri. Mengine ama hayakuingia, ama yaliacha mwanya wa kupitisha paka. Akaamini mbao zimepinda kwa uzee, akawa anaziba kwa matambara.

Dukani akatajiwa bei ya madirisha mapya ya alumini. Alicheka mpaka muuzaji naye akacheka.

"Mwanangu, mimi nataka madirisha, sinunui kanisa."

Karatasi za plastiki zilikuwa rahisi, ila hakutaka kuishi kama nyama iliyofungwa buchani. Basi akapakia dirisha namba tatu kwenye gari, akaenda kwa Reino, mzee anayeuza vitu vya nyumba zilizobomolewa, amtafutie mengine tisa yaliyotumika.

Reino alilipima, akalipima tena.

"Verna, hili halijapinda. Limenyooka kuliko mgongo wangu."

"Mbona haliingii?"

"Unaliweka wapi?"

Verna akamwonyesha misumari mitatu ya shaba ubavuni mwa fremu. "Namba tatu. La tatu kutoka mlangoni, kwenda kulia."

"Ukiwa umesimama wapi?"

"Nje, bwana! Madirisha yanatundikwa nje."

"Na Arvid alihesabu akiwa wapi?"

Verna akakumbuka. Alimwona Arvid mezani jikoni, kikombe cha kahawa mkono mmoja, anayahesabu kwa kijiko, moja baada ya jingine, kabla ya kutoka. Alihesabu akiwa ndani! Kulia kwa aliye ndani ni kushoto kwa aliye nje. Ndiyo maana namba tano, lililo katikati, halikuwahi kumsumbua.

"Miaka minne, Reino! Miaka minne naizunguka nyumba yangu kinyume!"

Alicheka mpaka akakaa ndani ya bafu kuukuu lililokuwa linauzwa. Madirisha mawili tu yalikuwa na vioo vilivyopasuka, na Reino akampa vioo vingine, naye Verna akamlipa mkate wake mtamu wa iliki.

Jumamosi, madirisha yote yakiwa yametundikwa upya mahali pake, Marlys alifika na mshumaa. Madirisha manane, moto ulisimama wima. La tisa lilikuwa la jikoni, kando ya meza. Moto ukacheza.

Verna akakaa kwenye kiti. Nyumba imekwenda, akawaza, kwa dirisha moja tu.

"Mama, si upepo," Marlys alisema, sauti ikimkatika. "Ni mimi. Hapa ndipo baba alipokuwa anakaa na kijiko chake."

Verna naye machozi yalimlenga, na furaha ikamjaa palepale, vyote kwa pamoja.

"Basi usiupumulie mshumaa wangu, mwanangu."

Marlys akaziba mdomo kwa kiganja. Moto ukatulia, ukasimama wima kama msumari.

"Umetimiza ahadi," Verna alisema, akainuka kuteleka kahawa.