Taa Nyekundu ya Darasa la Nne

Kazi yangu ni kupima hewa madarasani, na watu wakiisikia hucheka. Shemeji yangu huniuliza kama hiyo hewa tunaiuza kwa kilo. Mwache acheke. Mimi lile darasa la nne sikulichekea hata siku moja, kwa sababu mpwa wangu anasoma humo na ana pumu.

Tunamwita Chiriku, maana mdomo wake haupumziki. Mwaka huu ukaanza kupumzika. Dada yangu aliniambia mtoto akirudi shule anakaa kwenye mkeka kimya, mabega yanapanda na kushuka, hata kula hataki. "Wewe si ndiyo kazi yako?" akaniuliza. "Basi fanya kazi."

Darasa lenyewe zamani lilikuwa stoo. Madirisha yake mawili yalizibwa kwa tofali ili wezi wasiingie, kikabaki kidirisha juu ya ubao ambacho hata paka angepita kwa taabu. Watoto ni hamsini na wanane. Ukungu umepanda ukutani mpaka usawa wa bega. Ukiingia saa nne asubuhi utadhani umefunikwa blanketi bichi. Kila mtu analijua hilo, lakini ofisini kwetu kujua si kitu, wanataka namba. Darasa linapimwa wiki mbili, na wastani wa uchafu wa hewa ukivuka kiwango, fundi anatumwa kuvunja tofali na kuweka madirisha. Usipovuka, mpaka mwakani.

Nilimsumbua bosi miezi mitatu mpaka akanipa kifaa, kwa shingo upande. Nikakifunga ukutani kwa mkono wangu, kiboksi cheupe chenye taa: kijani hewa safi, nyekundu hewa mbaya. Mwalimu wa darasa, mama mmoja mpole ambaye hata chaki huipanga kwa urefu, nikamwambia kiache kifanye kazi yake, usikiguse. Akaitikia. Nikaondoka nimetulia kabisa, kwa sababu taa ilikuwa imeshawaka nyekundu kabla sijafika getini.

Wiki ya pili dada akanipigia kunishukuru. Eti mtoto amerudiwa na mdomo wake, anaongea mpaka jirani analalamika. Nikamwambia mbona sijafanya kitu bado, madirisha hayajaja. Akasema hata hivyo, asante.

Nilipofungua matokeo kwenye kompyuta nilipigwa na butwaa. Wastani: hewa nzuri. Nikajua kifaa ni kibovu. Nikaangalia dakika kwa dakika. Namba inapanda, inagusa nyekundu, halafu inaporomoka. Inapanda tena, inaporomoka tena, mara saba kwa siku. Damu ikanichemka: kuna mtu anakichezea. Nikaenda shule moja kwa moja, chai nikaiacha mezani.

Mwalimu akanipokea kwa tabasamu. "Tumefaulu, bwana mpimaji?"

"Mmefaulu nini, mwalimu?"

"Si hicho kifaa chenu. Nyekundu haijamaliza hata dakika tano. Ikiwaka tu nawatoa wote, mlango nauacha wazi, tunafanya hesabu za kichwa uwanjani. Ikirudi kijani tunaingia." Akashusha sauti. "Mwaka jana mkaguzi aliniandika vibaya. Nikasema safari hii hanipati mtu."

Nikakaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakanifika kifuani. Nilitaka kufoka.

"Mwalimu, hakikuwa kinakupima wewe. Kilikuwa kinapima chumba. Mimi nilitaka kiwake nyekundu kutwa nzima."

Alipangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. "Hukuniambia," akasema.

Na kweli sikumwambia. Nilimwambia asikiguse, na hakukigusa. Hasira niliyokuja nayo ikakosa pa kwenda, ikanirudia mwenyewe.

Nikampigia bosi palepale, nikamweleza yote, nikaomba wiki mbili nyingine. Akasema namba ni namba, na kesho kifaa kinatakiwa shule nyingine, foleni ndefu. Nikabishana naye, nikambembeleza, nikabishana tena. Akakata simu.

"Basi angalau endelea kuwatoa nje," nikamwambia mwalimu. "Umeona mwenyewe wanavyopumua."

Akatikisa kichwa. "Mwalimu mkuu alikuwa ananiruhusu kwa sababu ya taa. Bila taa atasema nazurura na watoto wa watu. Nitamjibu nini?"

Nikatoa bisibisi nikaanza kulegeza skrubu, na kila skrubu ilinichoma roho. Sijui Chiriku alikuwa amesimama mlangoni tangu saa ngapi. Alikuja akanishikia kile kiboksi kisianguke.

"Mjomba, unakipeleka wapi?"

"Shule nyingine."

"Huko nako darasa halina madirisha?"

"Halina."

Akakitazama, akafikiri kidogo, kisha akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Basi mwambie mwalimu wao asiwatoe nje," akasema. "Hata wakikohoa. Wavumilie tu, ni wiki mbili."