Ujumbe Usio na Namba

Ukimwuliza Fausta kwa nini aliacha kumwita Alex bosi, atakwambia ni kwa sababu ya kisanduku kimoja. Kisanduku cha kujazia namba, basi, hakuna kingine.

Ofisi yao ipo Ifakara mjini, chumba kimoja juu ya duka la pembejeo, na kazi yao ni kupokea vipimo vya maji ya mto na kuwaonya wakulima. Mama Yosefina, mvuvi wa kijiji cha Mofu, husoma nguzo yenye alama iliyosimikwa mtoni, kisha anajaza kwenye simu jina la kituo, saa na kina. Ujumbe unaingia kwenye seva. Kina kikipita mita nne, wote walioko madunguni kule bondeni, wanakoamia ndege mpungani, wanapata meseji ya kuwaambia waondoke. Mmoja wao ni Aurelia, mama mzazi wa Fausta.

Ubishi ulikuwa namna ya kuupokea huo ujumbe. Alex alitaka waufunge kwenye umbo gumu linalotengenezwa na programu yenyewe: kila kisanduku na aina yake, na ujumbe usiotoshea unatupwa wote. Fausta alitaka walegeze: soma unachokielewa, usichokielewa kitunze, kisha mwite mtu akisome. Kazi inaongezeka, ni kweli, lakini yeye aliwajua watu wa kwao. Mtu wa Mofu ukimwuliza maji yamefika wapi hakupi namba. Anakwambia yamefika kwenye mizizi ya mkuyu, na hajakosea.

Wiki mbili walizozana. Alex alikuwa na jibu lile lile, kwamba data chafu itawaaibisha mbele ya wafadhili, kwamba watu wafundishwe kujaza fomu, kwamba dada Fausta anaendekeza uswahili. Neno hilo lilimchoma. Jamani, mtu tangu ahamie Ifakara hajakanyaga Mofu hata siku moja, hajui kwamba dungu linapandwa kwa ngazi, halafu anataka kuwafundisha watu mto wao. Lakini kubishana na Alex ni kumpigia mbuzi gitaa. Siku ya kumi na nne Fausta alichoka. Akasema sawa bosi, akaiandika ile njia ngumu kwa vidole vyake mwenyewe. Ujumbe uliokataliwa aliuelekeza kwenye faili moja, akajiambia atalipitia kila asubuhi. Alilipitia siku tatu. Lilikuwa limejaa salamu na nukta zilizokaa vibaya, akaachana nalo.

Ikafika Jumatatu moja katikati ya Aprili, mvua imenyesha siku nne mfululizo. Saa kumi na mbili asubuhi Mofu ilisoma mita tatu na nusu. Saa tatu hakikuja kitu, saa nne hakikuja kitu, na kwenye skrini kituo kiliendelea kuonyesha mita tatu na nusu kwa rangi ya kijani. Alex akasema unaona sasa, mfumo umetulia. Fausta akapiga simu ya Mama Yosefina, haipatikani. Ya mama yake, mtandao unakatika. Hapo ndipo alipolikumbuka lile faili.

Juu kabisa ulikuwepo ujumbe wa saa tatu kasoro robo. Mahali pa kina palikuwa pameandikwa: "Nguzo imeenda na maji. Sina cha kusoma. Waambieni watoke."

Alex aliusoma, akasema kwa sauti ndogo kwamba ile haikuwa namba. Fausta alituma onyo kwa mkono saa tano na nusu, akakodi pikipiki kwenda Mofu. Njia nzima alimlaani Alex, na kila laana ilipofika kwenye vidole vilivyoandika, ilimkwama.

Alimkuta mama yake ukingoni, kanga imemganda mwilini, anatetemeka. Mama Yosefina alikuwa amekaa kando ya mtumbwi, viganja vimechubuka kwa kasia. Fausta akawaamkia shikamoo, wakaitikia, na Mama Yosefina ndiye aliyesimulia. Alipoona ofisi iko kimya na simu imeishiwa chaji, alichukua debe akapita akiligonga dungu kwa dungu. Watu wakatoka. Aurelia peke yake akagoma kushuka, anawaambia wenzake kwamba mwanawe ndiye mwenye ule mtambo, na kama maji yangekuwa ya kutisha angeshamwambia. Walirudi kwa mtumbwi kumtoa juu ya paa la dungu, ngazi imeshazolewa. Ekari zake tatu za mpunga uliokuwa umeanza kuinama zilikuwa chini ya maji.

Aurelia hakulalamika. Alifungua mfuko wa nailoni aliokuwa ameufunga kiunoni, akatoa simu, akampa binti yake. Fausta akaona meseji moja, ya saa tano na nusu.

"Hiyo ilinikuta juu ya paa," mama yake akasema. "Angalia vizuri, mwanangu. Lazima ipo nyingine ya mapema, ni mimi tu kusoma nababaisha."

Fausta aliishika ile simu kwa mikono miwili.

"Hakuna nyingine, mama. Ya mapema niliitupa mimi."