Kikohozi Alichobeba Biskuti

Ulipita. Usiseme hukupita. Jioni ile kule Bunju ulipunguza mwendo mbele ya geti la Mwalimu Tekla, ukamwona binti mwembamba anamfundisha mbwa mdogo kukaa. Ukacheka, ukasema kambwa kazuri. Binti akakohoa mpaka akashika ukuta. Ukapandisha kioo.

Binti huyo anaitwa Bernadeta, kwao Newala, ni dada wa kazi kwa Mwalimu Tekla na mumewe Gozbert, watu wa Bukoba waliojenga huku viwanja vikiwa bado pori. Mbwa anaitwa Biskuti. Mama yake alikuwa mbwa mweupe wa manyoya wa nyumba moja ya Mikocheni. Baba hajulikani, ila sikio moja lililosimama na miguu ya kukimbia mawe vilionyesha ni wa mtaani. Aliletwa angali anaenea kwenye sufuria ya chai. Bernadeta ndiye aliyemwogesha, akamtoa kupe kwa vidole, akamzoesha kujisaidia nyuma ya migomba.

Alimfundisha kwa ukoko. Katika nyumba ile dada hula mwisho, jikoni, amekalia mbuzi ya kukunia nazi, na chakula chake ni kile kilichoshika chini ya sufuria. Aliuvunja ukoko vipande vidogo kama kucha, akasema neno moja kwa sauti ileile, na mbwa akitii alimpa papo hapo. Hakumpiga. Kaa. Subiri. Lete. Biskuti akaleta kandambili, akaleta dekio, akaleta sabuni ya mche bila kuing'ata. Baadaye akawa hata haambiwi. Akimwona Bernadeta amelemewa na kitu, anakichukua.

Kikohozi kilianza masika. Bernadeta alipoomba ruhusa ya kwenda hospitali, Tekla alimwambia ni vumbi hilo, anyunyize maji kabla ya kufagia. Alipoomba tena aliambiwa asubiri shule zifungwe. Akasubiri.

Jumamosi moja, wakati wa chai, Biskuti alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha Bernadeta: viwili vifupi, kimoja kirefu chenye filimbi mwishoni. Bernadeta alikuwa anamimina chai, na kifua chake kilikuwa kimya. Tekla aliacha mkate mezani, akamfunga mbwa kwenye khanga yake ya kanisani, akawasha gari.

Wilfred, daktari wa mifugo ambaye Bernadeta ndiye aliyekuwa akimpelekea mbwa kwa chanjo, alimsikiliza mbwa kifua kwa muda mrefu.

"Mwalimu, haya mapafu si ya mbwa. Ni ya binti."

"Unaweza kutibu?"

"Kupoza naweza. Lakini mwenyewe apelekwe hospitali, apimwe."

"Tutaliangalia hilo," Tekla akasema. "Chakula ale nini?"

Aliambiwa supu ya kuku, mayai, maziwa. Bernadeta alichemsha supu, mbwa akainywa barazani, na jikoni Bernadeta akahisi chumvi inapita kooni mwake. Siku zilivyokwenda mashavu yake yalirudi. Akaanza kuimba akifua. Gozbert alifurahi.

"Unaona sasa, Mama Hope?" akamwambia mkewe, kwa jina la binti yao aliye shule ya bweni. "Dawa moja, wagonjwa wawili."

Munira wa nyumba ya pili naye alipaza sauti juu ya uzio. "Shoga, mbwa wako anakohoa Kimakonde! Kesho atakuomba likizo!"

"Nyie chekeni tu," Tekla akajibu. "Mie sijalala."

Lakini Biskuti alikuwa mbwa wa kubebwa kwa mkono mmoja, na kikohozi kilikuwa cha mtu mzima. Mbavu zikatokeza. Akiambiwa akae alikaa, ila kuinuka hakuweza. Wilfred alisema kifua kidogo namna ile hakibebi mzigo huo. Ukiendelea kukaa mle, mbwa hamalizi mwezi.

Tekla alilia Barabara ya Bagamoyo yote. Alijua kinachotakiwa kufanywa. Tuseme waziwazi: alijua, na kujua huko kulimkaa kooni kama mwiba wa sato. Alipofika nyumbani alikwenda uani, kwenye chumba cha Bernadeta, ambacho hakuwahi kukiingia tangu kijengwe. Akaona hakina dirisha. Banda la Biskuti, lililoegemea ukuta uleule, lilikuwa nayo mawili, yenye wavu wa mbu.

Bernadeta alikuwa amempakata mbwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea machungwa."

"Asante mama. Mama, mie nilikuwa naomba kesho niende hospitali. Huyu mtoto anakufa kwa ajili yangu."

Tekla akayaangalia machungwa. Kesho jumuiya ilikuwa inasali nyumbani kwake. Na Bernadeta akipimwa akakutwa na kitu, wanajumuiya watauliza alikuwa analala wapi, watakuja kuona, watatafuta dirisha.

"Hospitali utakwenda, jumuiya ikishapita," akasema. "Ila Bernadeta, wewe ndiye uliyemfundisha kuchukua. Huwezi kumfundisha kurudisha?"

Bernadeta alifikiri kama fundi aliyeletewa kazi ya kawaida.

"Naweza, mama. Kuna neno moja sijamfundisha. Acha."

Alimfundisha jioni ileile, mlangoni, kwa yai la mbwa mwenyewe. Biskuti hakutaka. Hakuwahi kukataa neno lolote, lakini kila alipoambiwa acha alifumba mdomo akageuzia uso ukutani. Bernadeta hakumpiga. Alirudia kwa sauti ileile, mkono wazi chini ya kidevu chake, mpaka mbwa akafungua mdomo. Akampa yai papo hapo.

"Mbwa mzuri," akamwambia. Kisha akakohoa.

Jumuiya ilifana. Biskuti alizunguka kati ya miguu ya wageni, manyoya yanang'aa, na Gozbert akawaeleza kwamba mbwa wa mchanganyiko anataka uvumilivu tu. Sauti iliposikika jikoni, wageni wakatazamana. Tekla akaanzisha wimbo. Wakaitikia wote, kwa nguvu.

Shule zilishafungwa zikafunguliwa. Tekla bado huanzisha wimbo, na sauti yake sasa ni nzuri kuliko zote parokiani. Bernadeta bado anasubiri, neno alilofundishwa kabla ya mbwa.

Nawe unaye mtu jikoni. Kama si kwako, ni kwa dada yako, au kwa bosi wako unayemchekea. Weka chini hiki unachosoma. Nenda sasa hivi, vyombo viache na povu lake. Mwite kwa jina alilopewa na mama yake, umwambie avae viatu, mnakwenda hospitali. Usimwambie asubiri.